Kinga ya Kioo cha Simu, na Kazi Yake Kabla ya Kuanguka

Zamani, taa ya chemni ilipokuwa ndiyo nuru ya nyumba nyingi za pwani, kazi ya kusafisha chemni ilikuwa ya watoto, kwa kuwa mkono wa mtoto ndio uliopita katika shingo yake bila ya kukwama. Na mimi, niliyepewa kazi hiyo kila alasiri nyumbani kwa bibi yangu huko Unguja, nilikatazwa jambo moja kwa mkazo kuliko mengine yote, nalo ni kutia mchanga katika kitambaa. Masizi yakishika sana, alikuwa akisema, chukua majivu ya kuni yaliyochekechwa, wala usiguse mchanga, maana majivu hung'oa masizi na kukiacha kioo kilivyo, lakini mchanga hung'oa masizi na kukiachia kioo makovu, na chemni yenye kovu ina siku yake. Bibi yangu hakupata kusoma elimu ya madini. Lakini nilipokuja kusoma mimi, baada ya miaka mingi, habari za ugumu wa mawe na udhaifu wa vioo, niliona kwamba katazo lake lilikuwa na burhani kamili, na leo nataka kulitumia katika kadhia ambayo yeye hakuishi kuiona: kama inafaa, au haifai, kutoa fedha kununua kinga ya kioo cha simu na kishikwambi, ile ambayo mafundi wetu huiita protekta.

Kadhia hii imeletwa mlangoni kwangu na jirani yangu, mama mwenye kupika vitumbua na mikate ya kumimina, ambaye maagizo yake ya harusi na maulidi humfikia kwa simu. Aliponunua simu mpya alikwenda kwa fundi, akatoa shilingi 5,000, akabandikiwa kinga ya kioo. Na fundi, ili kumtia yakini, akachukua ufunguo akaikwaruza kinga ile mbele ya macho yake, isichubuke, akamwambia kwamba hiyo ni 9H na kwamba simu hata ikianguka haina neno. Haikutimia miezi miwili simu ikaponyoka juu ya baraza, ikashuka kwa pembe juu ya kipandio cha jiwe. Kinga haikupata ufa hata mmoja. Kioo cha chini yake kikapasuka tangu pembeni hata katikati, na nusu ya skrini ikawa haisikii kidole. Fundi wa pili akamtajia gharama ya shilingi 150,000 kukibadilisha. Fedha zake za mtandaoni hazikupotea, kwani hizo hukaa katika akaunti ya namba yake kwa kampuni ya simu, na laini ilihamishwa katika simu ya kuazima. Bali maagizo ya siku nne, na majina ya watu walioagiza, yalibaki nyuma ya kioo kisichofunguka. Akanijia na simu mkononi, akasema, "Mwalimu, mimi niliuziwa nini?"

Swali hilo ni la haki, na linastahili jawabu lililo pana kuliko ndiyo au siyo. Nilimjibu, na sasa namjibu kila aliye na swali kama lake, kwamba aliuziwa kitu chenye manufaa kwa maneno yasiyo ya kweli. Kwamba kinga ya kioo ina kazi yake, nayo ni kubwa, lakini kazi hiyo hufanyika katika siku zote zile ambazo simu haianguki, na wale waiuzao huisifu kwa kazi ya ile saa moja ya kuanguka, ambayo aghlabu haiiwezi.

Tuanze na ile 9H, maana ndiyo asili ya ghururi yote. Mwaka 1812 mtaalamu wa madini wa Kijerumani, Friedrich Mohs, alipanga madini kumi kwa madaraja ya ugumu, kila moja likiweza kulikwaruza lililo chini yake: talki, iliyo laini hata ukucha huichubua, akaipa daraja la 1, madini ya chokaa 3, kwatzi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga wa nchi nyingi za dunia, 7, jamii ya yakuti 9, na almasi 10. Kioo cha kawaida huwa karibu na 5 na nusu katika ngazi hiyo. Basi mnunuzi aliyepata kusikia japo kidogo habari hizi, akiona tarakimu ya 9 juu ya kasha, hudhani ameuziwa kitu kilicho jirani ya yakuti. Na asiyesikia habari hizi huona tu kwamba 9 ni kubwa, akaridhika. Lakini 9H si daraja la Mohs. Ni daraja la penseli. Penseli hutengenezwa kwa grafiti na udongo, desturi iliyotokana na Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795, na kila udongo unapozidi, penseli huwa ngumu zaidi, hata ikafika 9H. Na watu wa viwanda vya rangi walizoea kuzipima rangi zao kwa kusukuma penseli juu yake, imeinamishwa digrii 45 na kuelemewa na uzito wa gramu 750, ili wajue ni penseli ipi inayochubua. Kinga iliyofaulu mtihani huo imethibitisha kwamba penseli ngumu kuliko zote za mtihani haikuichubua. Kioo cha dirisha la nyumba yako nacho kingefaulu. Juu ya mchanga mtihani huu hausemi neno, na juu ya kuanguka hausemi hata herufi.

Na ule ufunguo wa fundi? Ufunguo wa shaba ni laini kuliko kioo chochote kiwacho, kwa hivyo angaliukwaruza juu ya kioo cha simu kisichokuwa na kinga natija ingalikuwa ile ile. Simwekei fundi yule nia mbaya, kwani aghlabu ya mafundi wetu hurudia waliyoambiwa na waliowauzia kwa jumla. Lakini neno lisilo la kweli halipati ukweli kwa kupita katika midomo mingi, na mama wa watu alilala akiamini kwamba ana ngao.

Hata hivyo ipo hoja ya upande wa pili, nayo haiwezi kupuuzwa. Wako wasemao kwamba kioo cha simu za leo kimetengenezwa kwa ustadi hata hakihitaji msaidizi, na wana sehemu ya haki. Simu ya iPhone ilipotangazwa tarehe 9 Januari 2007, uso wake ulikusudiwa kuwa wa plastiki. Lakini plastiki, tofauti na kioo, huchubuliwa hata na funguo mfukoni, na mwezi wa Juni wa mwaka ule ule, kabla simu haijaingia sokoni, kampuni ya Apple ilitangaza kwamba uso utakuwa wa kioo. Kioo kile kilitoka kwa kampuni ya Corning ya Marekani, katika kiwanda chake cha Harrodsburg, Kentucky, na chimbuko lake lilikuwa utafiti wa miaka ya 1960 ambao haukupata soko kubwa katika zama zake. Siri yake ni hii: kioo huzamishwa katika chumvi ya potasiamu iliyoyeyuka kwa joto la kiasi cha digrii 400, na humo chembe za sodiamu zilizo katika ngozi ya kioo hutoka, na chembe za potasiamu, zilizo nene zaidi, hushika mahali pake. Ni kama benchi la daladala walilokuwa wamekaa watoto watano, wakashuka, wakapanda watu wazima watano. Benchi halikurefuka, kwa hivyo kila mmoja humbana mwenziwe, na anayetaka kupenya baina yao hapati upenyo. Ngozi ya kioo iliyobanwa namna hiyo hustahimili mengi ambayo kioo cha dirisha hakiyastahimili.

Lakini kubanwa si kuwa kigumu kama jiwe. Kioo hicho pia, chini ya kwatzi, huchubuka, na hapa ndipo mchanga unapoingia katika hadithi yetu. Mwenye kuketi pwani ya mashariki ya Unguja, kwenye mchanga mweupe uliozaliwa na matumbawe na makombe, ameketi juu ya chokaa, ambayo ni laini kuliko kioo, na simu yake haina hofu kubwa. Sababu ni ile ile iliyofanya majivu ya bibi yangu yasidhuru chemni, kwa kuwa majivu ya kuni nayo, kwa sehemu yake kubwa, ni chokaa. Lakini mchanga ulioletwa na mito kutoka bara, na vumbi la nchi ya majabali ya matale kama Dodoma, umejaa kwatzi, na punje moja tu iliyojificha katika mfuko wa kanzu, au katika pindo la khanga ambamo simu imefungwa, husugua kioo kila mwenye simu anapotembea. Funguo na sarafu tunazoziogopa hazina madhara makubwa kwa kioo. Adui ni punje tusiyoiona.

Na mchubuko si aibu ya uso peke yake. Mwaka 1921 mhandisi wa Uingereza, A. A. Griffith, alichapisha uchunguzi ulioeleza kwa nini kioo hupasuka kwa nguvu ndogo sana kuliko ile ambayo hesabu ya maada yake ingalituamuru tuitarajie: kioo, alionyesha, kina nyufa ndogo zisizoonekana, na nguvu inayokivuta hukusanyika kwenye ncha ya ufa, hata ufa ule ukakimbia. Kioo hakipasuki pale kilipo chembamba wala pale kilipopigwa tu; hupasuka palipo na kovu. Simu iliyosuguliwa na mchanga mwaka mzima imejazwa makovu, na siku itakapoanguka, kuanguka ambako simu yenye uso safi ingalikustahimili, yenyewe huenda isikustahimili. Basi kinga iliyobandikwa tangu siku ya kwanza, ikapokea yenyewe michubuko yote ya mwaka, imekifikisha kioo cha asili kwenye siku ya ajali kikiwa na nguvu zake za kiwandani. Hii ndiyo kazi ninayosema hufanyika kabla ya kuanguka, na kwa kazi hii peke yake naiona inastahiki gharama yake, wala sioni tashwishi.

Sasa tuangalie saa yenyewe ya kuanguka. Simu ikianguka kifudifudi juu ya kokoto, ncha ya kokoto ikakutana na kinga kwanza, kinga yaweza kuipokea ncha ile na kuvunjika badala ya kioo. Hilo hutokea, na sitaki kulinyima haki yake. Ila simu nyingi hushuka kwa pembe au kwa ubavu, kama ya jirani yangu, na hapo pigo huingia katika fremu, fremu ikajipinda, na kioo kikavutwa kutoka ukingoni. Na kinga, ambayo aghlabu haifiki hata ukingoni, nayo ni tabaka la kiasi cha theluthi ya milimita lililoshikwa kwa gundi laini, haina mkono wa kuzuia jambo hilo. Linalozuia, au angalau kupunguza, ni kava la mpira lenye pembe nene na midomo iliyoinuka juu ya uso wa simu, hata simu ikilala kifudifudi kioo kisiguse meza. Mwenye fedha ya kitu kimoja tu na anunue kava. Laiti jirani yangu angaliambiwa hivyo siku ile, huenda vitumbua vya harusi vingalifika kwa wenyewe.

Kuna dalili moja ambayo watu huileta kila siku nami naiona haitoshi kuwa dalili. Kinga ikipasuka, mwenye simu akaibandua na kukuta kioo cha chini ni kizima, husema, alhamdulillahi, imeniokolea simu. Yawezekana. Lakini kinga ni nyembamba kuliko kioo kilicho chini yake, na kingo zake mara nyingi zimekatwa bila ya kusuguliwa vizuri, kwa hivyo hupasuka kwa pigo ambalo kioo cha simu kisingalilihisi kabisa. Mtu mwenye insafu hawezi kulifanya kila pasuko la kinga kuwa ushahidi wa wokovu. Na mfanyabiashara anayelifanya hivyo anapata faida mara mbili, kwani kinga isipopasuka husifiwa kwa uimara, na ikipasuka husifiwa kwa kujitoa mhanga.

Pako pia mahali ambapo kinga, ikiwekwa bila ya hadhari, huleta madhara. Mwezi wa Oktoba 2019 ilidhihirika kwamba baadhi ya simu za Samsung, zenye kusoma alama ya kidole kupitia kioo, zilikuwa zikifunguka kwa kidole cha mtu yeyote pale zilipowekewa aina fulani za kava la silikoni lenye kufunika uso, kwa sababu mashine ilisoma nakshi za silikoni badala ya nakshi za kidole. Kampuni ikakiri na kutoa marekebisho ya programu. Katika nchi zetu, ambako tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi wa Machi 2007 simu imekuwa mkoba wa fedha wa mamilioni ya watu, hilo si jambo la kulipitia juujuu: baada ya kubandika kinga juu ya simu ya aina hiyo, futa alama za vidole, uzisajili upya, kisha mpe ndugu yako ajaribu kwa kidole chake. Na zile simu zinazokunjwa zina tabaka la juu ambalo ni sehemu ya skrini yenyewe. Mwezi wa Aprili 2019 baadhi ya waandishi waliopewa Galaxy Fold waijaribu walilidhania kuwa ni karatasi ya kiwandani, wakalibandua, skrini zikafa, na uuzaji wake ukaahirishwa hata Septemba. Fundi asiyeijua simu ya namna hiyo na asiiguse. Ile gundi ya maji inayokaushwa kwa taa ya urujuanimno, inayotumiwa kwa simu zenye kingo zilizopinda, nayo imejulikana kupenya katika vitufe na vitundu vya sauti pale mkono wa fundi usipotulia; kwa hiyo gundi hiyo naiona ni ya mafundi wenye uzoefu tu, wala si ya kila meza ya barazani.

Vishikwambi vinanihangaisha zaidi kuliko simu, kwa sababu aghlabu mwenye kukitumia si yeye aliyekinunua. Sensa ya Tanzania ya tarehe 23 Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, kama ile ya Kenya ya mwaka 2019, na baada ya sensa vishikwambi vile vya Tanzania vikagawiwa walimu, jambo jema ambalo nalisifu kwa moyo wote. Lakini uso wa kishikwambi ni mpana, na kioo kipana kilicho chembamba hupindika kwa urahisi kikikaliwa, kikiwekwa chini ya rundo la madaftari, au kikibebwa kwa pembe moja; dhidi ya kupindika huko kinga haina msaada wowote, wala haifai kumwambia mwalimu kwamba inao. Dhidi ya vumbi la uwanja wa shule, chaki, na mchanga unaoletwa darasani kwa miguu ya watoto mia, msaada wake ni mkubwa. Naona ni wajibu wa kila anayegawa vishikwambi mashuleni, iwe serikali au mfadhili, kukitoa kila kimoja pamoja na kava gumu na kinga, na kuweka akiba ya kinga za kubadilisha, kwa sababu mwalimu wa kijijini asiye na fundi jirani akichubukiwa kioo leo hatakuwa na pa kukipeleka kesho.

Kuhusu aina, sina maneno mengi. Ile ya plastiki nyembamba ni rahisi na haipasuki, lakini huchubuka upesi na kuufanya uso uwe na ukungu. Ya kioo huteleza vizuri chini ya kidole, nami naipenda zaidi, kwa sharti kwamba ikipata ufa ibanduliwe siku hiyo hiyo, maana vipande vyake hukata vidole, na vidole vya watoto kwanza. Sioni sababu ya kumlipa mtu mara tano ya bei kwa ajili ya tarakimu kubwa zaidi juu ya kasha. Ni heri ya bei ya kadiri, iliyobandikwa juu ya kioo kilichofutwa vumbi sawasawa, ikabadilishwa kila inapochakaa, kwani punje moja ya mchanga iliyofungiwa chini ya kinga hukaa humo mpaka siku ya kubanduliwa.

Jirani yangu alipolipia kioo kipya tulifuatana kwa fundi, na safari hii alianza kwa kuchagua kava, akalibonyeza pembe zake kwa kidole gumba kama anavyobonyeza maembe sokoni, kisha ndipo akauliza kinga. Nami nikatumia fursa ile kubadilisha yangu, iliyokuwa imekaa mwaka na zaidi. Fundi, kijana mwenye adabu, aliibandua taratibu kuanzia pembeni, nami nikamwomba nikaiinua mbele ya taa yake. Ilikuwa imejaa nyuzi, nyingine ndefu, nyingine fupi, zikipishana kila upande, mchanga wote wa mwaka mzima umeandikwa humo. Mama akaichukua akaitazama kwa muda mrefu, kisha akainama juu ya simu yangu iliyobaki wazi mezani, akapitisha kitambaa mara moja, na uso wake ulikuwa safi kama chemni iliyopitiwa na majivu.